Njia ya Kongo–Nile: Baiskeli za milimani zinapita palepale walipopita wachuuzi

KIGALI

Kila kunapopambazuka, kituo cha mabasi cha Nyabugogo hupokea mizigo ya kila aina. Kuna viazi kutoka Musanze, sambaza wakavu kutoka ziwani, marobota ya vitenge, madumu ya maziwa na kuku waliofungwa miguu. Miezi ya kiangazi inapofika, katikati ya magunia hayo huonekana pia baiskeli yenye matairi mapana, gurudumu la mbele limefunguliwa, fremu imezungushiwa blanketi na kamba, ikisubiri kupakiwa basi la Rubavu. Mwenye nayo haipeleki sokoni. Anaipeleka milimani, akaipande siku tano kando ya Ziwa Kivu, kisha arudi Kigali akiwa hoi na akiwa na mengi ya kusimulia.

Njia anayokwenda kuipanda inaitwa Njia ya Kongo–Nile. Ina urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini. Kwa miguu huchukua siku 10 hivi, kwa baiskeli siku tano kwa mtu mwenye mapafu na mapaja yaliyozoea kazi. Mamlaka za utalii za Rwanda ziliitangaza zikiwa na hesabu mbili kichwani: kumfanya mgeni akae nchini siku zaidi baada ya kuwaona sokwe wa Musanze, na kuzifikisha fedha zake katika vijiji ambavyo hapo awali aliviona kwa mbali tu, akiwa dirishani mwa gari.

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Goma au Bukavu kila wiki, jambo hili linaweza kuonekana mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini vijia vingi vinavyopandwa na wageni hao vilichimbwa kwa nyayo za wachuuzi na wakulima waliobeba ndizi, kahawa na samaki, na fedha zinazopita humo leo zinaweza kumfikia mchuuzi au kumruka, kutegemea nani amejipanga.

Mgongo unaogawa maji

Jina la njia limetokana na mlolongo wa milima unaopita magharibi mwa Rwanda kutoka kaskazini hadi kusini. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo huo huingia mto Nyabarongo, unaopita pembeni mwa Kigali. Kutoka hapo maji huingia Akagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nile, yakapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan hadi Misri. Mvua inayonyesha upande wa magharibi hushuka Ziwa Kivu, ikatoka kwa mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, ikapita mto Lukuga kule Kalemie na kuingia mto Kongo. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache kutoka kimoja hadi kingine huishia moja Bahari ya Mediterania, jingine Bahari ya Atlantiki.

Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo anayeanzia Mombasa au Dar es Salaam akafikiri ufukwe ni ufukwe tu, atashangazwa na pumzi yake mwenyewe. Hata akiwa ameloweka miguu ziwani, yuko juu kuliko sehemu kubwa ya miji ya Afrika Mashariki. Na njia haikai ufukweni. Milima inashuka hadi majini kama vidole vya mkono, na kila kidole lazima kipandwe na kushukwa. Ukitazama ramani, kijiji cha pili kiko karibu. Ukiwa juu ya baiskeli, kati yako na kijiji hicho kuna bonde, kijito, daraja la magogo na kilima kingine.

Siku tano, vilima visivyohesabika

Kutoka Kigali hadi Rubavu ni kilomita 150 na ushee kwa basi, kupitia Musanze. Waendeshaji wengi hulala Rubavu usiku wa kwanza, kisha asubuhi hufuata barabara ya ufukweni kuelekea kusini. Wanakipita kiwanda cha bia kilichoko kando ya ziwa, wanazipita chemchemi za maji moto za Nyamyumba, ambako wakazi huloweka viungo vinavyouma, halafu mji unaishia nyuma yao.

Hapo ndipo kazi huanza. Njia hupanda katikati ya migomba na mihogo, ikageuka, ikapanda tena. Mawe yamelala ovyo na mifereji ya mvua imekata njia katikati. Mwendeshaji asiyejua kuchagua mstari wake hujikuta ameteremka, anasukuma. Kupanda kunahitaji gia nyepesi na kuketi mbele ya siti ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Kushuka kunahitaji kinyume chake: kujisogeza nyuma, kuacha magoti yakiwa yamelegea, na kubana breki kidogokidogo badala ya kuzikamata kwa nguvu. Wanaozikamata kwa nguvu huruka juu ya usukani. Wanaoziacha kabisa huishia shambani kwa mtu.

Kinachowapa taabu wengi ni udongo. Wakati wa kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi Agosti hivi, ni vumbi jekundu na mawe makavu. Masika ya Machi hadi Mei yanapofika, na tena mvua za mwisho wa mwaka, udongo huo hugeuka utelezi unaoganda. Hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Mwendeshaji huchukua kijiti, akakwangua, akasogea mita mia, akakwangua tena. Siku kama hiyo kilomita 20 ni safari ndefu.

Kituo kinachopendwa cha siku ya kwanza ni Kinunu, wilayani Rutsiro. Ni ghuba tulivu yenye kiwanda cha kuoshea kahawa karibu kabisa na maji. Msimu wa mavuno, meza ndefu za kuanikia hufunikwa na punje za kahawa, na wanawake huketi pembeni wakichambua zilizoharibika moja baada ya nyingine. Mgeni hupata chumba, chakula na kikombe cha kahawa iliyolimwa juu ya kilima alichotoka kukiteremka kwa jasho.

Giza likiingia, ziwa huwaka taa. Wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, taa zikivuta samaki juu, na nyimbo zikienda sambamba na makasia. Sauti hufika ufukweni kabla ya mitumbwi kuonekana.

Siku ya pili huelekea Karongi, mji ambao wazee bado huuita Kibuye. Hii ni nchi ya visiwa na rasi. Kila kona hufungua ziwa upya, na kila kona huja na mpando wake. Kwa ndani zaidi, juu ya mgongo wa milima, iko Hifadhi ya Taifa ya Gishwati–Mukura, mabaki ya msitu uliowahi kuwa mkubwa sana kabla haujakatwa kwa malisho na mashamba.

Kusini mwa Karongi, anayetaka anaweza kupanda hadi Bisesero. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia vilima hivyo na kupambana kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi. Wengi waliuawa. Leo pana makumbusho yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, pamoja na ya Gisozi, Murambi na Nyamata. Waendeshaji hushuka, huegesha baiskeli, na huingia kwa miguu. Mtu aliyepanda kilima hicho kwa nguvu zake mwenyewe anaelewa, walau kidogo, kwa nini watu walikichagua kujihami.

Baada ya hapo njia hupita Mugonero, huingia Nyamasheke, hufika Kibogora yenye hospitali yake ya siku nyingi, na kuendelea kati ya mashamba ya chai hadi Kamembe, mji wa Rusizi. Ng'ambo ya maji ni Bukavu. Mwendeshaji aliyeanza safari akiitazama Goma, humaliza akiitazama Bukavu.

Baiskeli iliyotangulia ilikuwa ya mbao

Kabla matairi mapana hayajafika, vilima hivi vilikuwa na magari yake. Nchini Rwanda kulikuwa na baiskeli za mbao, zisizo na pedeli wala mnyororo. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao pia, wakati mwingine yakizungushiwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Mwenye nayo aliisukuma kwenda juu ikiwa na mzigo, kisha akaipanda kushuka, mguu wake ukiwa ndiyo breki. Upande wa Kongo, hasa Goma, ndugu yake ni chukudu, inayobeba magunia ya makaa, viazi na saruji hadi leo, na ambayo mji huo umeijengea sanamu. Mchukuzi wa chukudu anayeteremka na kilo mia kadhaa nyuma yake ana ujuzi wa kushuka mlima ambao vijana wengi wenye baiskeli za bei kubwa hawajaupata.

Mwezi Desemba 2005 Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa mafundi waliotengeneza baiskeli za milimani za awali huko California miaka ya 1970, alifika Rwanda na kuziona baiskeli hizo za mbao. Yeye na wenzake walianzisha mradi wa kutengeneza baiskeli ndefu ya chuma kwa ajili ya wakulima wa kahawa, yenye sehemu ya nyuma iliyorefushwa ili ikae mifuko ya kahawa mbichi. Wakulima waliipata kwa mkopo na kuilipa kidogokidogo.

Sababu ya kuchagua kahawa ilikuwa ya kibiashara. Tunda la kahawa likishachumwa huanza kuchacha. Likichelewa kufika kiwandani ladha huharibika, na bei hushuka nayo. Mkulima aliyebeba kichwani kilomita kadhaa juu na chini alifika jioni akiwa amechoka, na kahawa yake imechoka pia. Mwenye baiskeli alifika mapema na akaweza kurudi kuchukua mzigo wa pili. Miaka hiyohiyo viwanda vya kuoshea kahawa viliongezeka nchini, kutoka vya kuhesabika kwa vidole mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi zaidi ya 200. Kahawa ya Rwanda ikaacha kuuzwa kama mali ya kawaida tu, ikaanza kutafutwa kwa jina la kilima inakotoka.

Hivyo fundi mmoja alihusika na baiskeli ya mchezo na baiskeli ya mzigo. Milima haikubagua: ilichohitaji ni fremu imara, gia za kupandia na breki za kuaminika.

Kutoka vilimani hadi London

Mwaka 2006 yalifanyika mashindano ambayo wakulima wa baiskeli za mbao na vijana wa baiskeli za kawaida walishindana, kila kundi kwa aina yake. Katika vuguvugu hilo ilizaliwa timu iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Miongoni mwa vijana wa kwanza waliopimwa nguvu alikuwa Adrien Niyonshuti wa Rwamagana, aliyepoteza kaka zake sita katika mauaji ya 1994.

Niyonshuti alipata mkataba wa timu ya kulipwa ya Afrika Kusini, na mwaka 2012 akafuzu Michezo ya Olimpiki ya London. Hakufuzu kwa baiskeli ya barabarani bali kwa baiskeli ya milimani. Aliibeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi. Mashindano yake yalifanyika siku ya mwisho ya michezo, naye akamaliza wa 39. Nchini mwake nafasi hiyo haikuonekana ndogo. Miaka minne baadaye, Rio de Janeiro, Nathan Byukusenge aliiwakilisha Rwanda katika mbio hizohizo za milimani.

Kilele kilifika Kigali. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye jumla ya mipando ya zaidi ya mita 5,000, ikiwemo ile ya mawe ya Kimihurura. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Kwa wanawake, ushindi ulikwenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Mabingwa wa dunia walikatwa pumzi na vilima ambavyo wauza maziwa na wabeba ndizi huvipanda kila siku bila kupigiwa makofi.

Lami imekuja, na hesabu zimebadilika

Miaka ambayo njia hii ilikuwa ikitangazwa, serikali ilikuwa pia ikijenga barabara ya lami kando ya ziwa, kutoka Rubavu kupitia Karongi hadi Rusizi. Barabara hiyo imekamilika. Kwa mchuuzi ni neema isiyo na ubishi. Safari iliyokuwa ya siku nzima ya vumbi au tope, au ya kusubiri mashua, sasa ni ya saa chache kwa basi dogo. Samaki waliovuliwa usiku hufika sokoni wakiwa bado wana thamani. Mama mjamzito hufika hospitali.

Kwa njia ya baiskeli, lami imeleta maswali. Baadhi ya sehemu za njia ya zamani zimelaliwa na barabara mpya au zinaikata mara kwa mara. Mwendeshaji aliyechoka na tope anaona lami umbali wa mita 200, na kishawishi ni kikubwa. Akipanda lami, anafika Karongi mapema, lakini anaviruka vijiji vilivyokuwa vikimuuzia ndizi, mayai ya kuchemsha, chai ya maziwa na kitanda. Njia ilibuniwa ili fedha ziingie vijijini. Barabara, bila kukusudia, inazipitisha juu yao.

Hapa ndipo neno la mfanyabiashara lina uzito. Mgeni hatateremka tena kwenye tope kwa sababu ya kibao tu. Atateremka akijua kuwa mbele kuna kitu: kahawa iliyokaangwa na kusagwa palepale, chakula cha moto saa inayojulikana, mtu wa kuziba tairi, mahali safi pa kulala. Vijiji vilivyo na hayo vinaendelea kupokea wageni. Visivyo nayo vinasikia kengele za baiskeli zikipita juu barabarani.

Sokoni kuna nini kwa mchuuzi?

Mwendeshaji wa siku tano anakula kama mtu wa shamba. Anataka ndizi mbivu, karanga, mayai, viazi, mkate, maji na chumvi. Haya yote mchuuzi wa mpakani anayo, ila huyapeleka mjini. Anayejua msimu wa wageni anaweza kuacha sehemu ya mzigo wake njiani.

Vipuri ni soko jingine. Vumbi na mawe ya Kivu hula vibao vya breki haraka, hukata minyororo na kupasua tyubu. Duka la kijijini huuza tyubu za baiskeli ya kawaida ya mzigo, ambazo mara nyingi haziingii kwenye rimu ya baiskeli ya milimani. Anayekwama hulazimika kurudi Kigali. Fundi wa Rubavu, Karongi au Kamembe mwenye tyubu za vipimo viwili vitatu, minyororo, waya za gia na vibao vya breki hakosi mteja msimu ukiwa umechanganya.

Kisha wapo sambaza. Samaki hawa si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo ni damu moja na dagaa wanaouzwa Kigoma na Bujumbura, na na kapenta wa Zambia. Wakikaushwa vizuri na kufungwa vizuri, ni chakula chepesi cha njiani chenye nguvu, na ni zawadi anayoweza kuibeba mgeni hadi kwao. Izingatiwe tu kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na baadaye ikakaza sheria hata kwa plastiki nyingine za kutumika mara moja. Mzigo uliofungwa kwa plastiki hukamatwa mpakani. Karatasi, vikapu na mifuko ya nguo ndiyo salama.

Wanaoingiza au kutoa bidhaa kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakumbuke pia utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizo katika orodha na zinazotoka ndani ya Jumuiya, hupata cheti chepesi cha asili palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya ya mimea na vyakula hubaki palepale. Wengi bado hupita kwa panya au kwa mawakala wa vichochoroni kwa kutojua haki hiyo.

Mgeni naye ana njia yake. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Watalii wa mbali hutumia viza moja ya Afrika Mashariki kwa nchi hizo hizo tatu, iliyoanza mwaka 2014. Kwa hiyo kundi la waendeshaji linaweza kuanzia Nairobi au Kampala na kumalizia Kamembe. Anayewahudumia njiani ana soko la nchi tatu, si la wilaya moja.

Mpaka si mstari mtulivu

Hakuna anayefanya biashara Rubavu asiyejua kuwa ziwa hili lina ng'ambo yenye majeraha. Lango dogo la Goma, maarufu kama Petite Barrière, limepitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku nyakati za amani, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani, pamoja na watu wenye ulemavu wanaobeba bidhaa katika baiskeli zao za magurudumu matatu. Lango hilohilo limefungwa na kufunguliwa mara nyingi, iwe kwa maradhi au kwa vita. Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, makombora yalivuka na kuua watu Rubavu. Mwezi uliofuata vita vikafika Bukavu. Upande wa kusini, Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024.

Haya huamua moja kwa moja kama njia itakuwa na watu. Mgeni husoma habari akiwa kwao, na kabla hajanunua tiketi huuliza: milima ile iko karibu na wapi? Kijiji cha Rutsiro chenye utulivu kamili hupoteza mapato kwa risasi iliyolia ng'ambo ya maji. Mchuuzi na mwenye nyumba ya wageni wako katika mtumbwi mmoja. Lango likifungwa, wote wawili hukaa mikono kifuani.

Na kinyume chake ni kweli. Kila mwaka unaopita kwa utulivu huongeza idadi ya watu wenye sababu ya kuutaka utulivu huo uendelee.

Kwa anayetaka kuijaribu

Wako wafanyabiashara vijana wanaoipanda njia hii wenyewe, wengine kwa sehemu, wengine hadi mwisho. Kabla ya kuondoka Kigali, mambo machache huwaokoa.

Nchini Rwanda na Kongo vyombo hupita mkono wa kulia. Anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania ajikumbushe kila asubuhi, hasa anapotoka kijiani na kuingia barabarani ghafla, maana hapo ndipo mazoea humsaliti mtu. Saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja kulinganisha na nchi hizo tatu, na basi halimsubiri aliyesahau. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi maduka hufungwa na usafiri husimama. Asafiri siku moja kabla, au ashike jembe pamoja na wenyeji.

Baiskeli iwe na breki mpya, matairi mapana yenye meno, na gia ndogo ya kutosha. Ndani ya mfuko ziwemo tyubu mbili, viraka, pampu, kiungo cha mnyororo, vibao vya breki na koti la mvua. Kofia ngumu isiachwe. Mvua za milimani hazisomi kalenda. Risiti ya baiskeli ibebwe kwa anayevuka mpaka nayo, ili kusiwe na mjadala forodhani kama anaileta kuiuza.

Lugha ya vilimani ni Kinyarwanda. Mwaramutse asubuhi, mwiriwe kuanzia mchana, na murakoze kwa kila kikombe cha maji, humfungulia mtu milango. Lakini Kiswahili, kilichopitishwa na Bunge la Rwanda kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kinamfikisha mbali. Rubavu na Rusizi ni miji ya mpakani, na sokoni kule watu hupatana bei kwa Kiswahili tangu siku nyingi. Hata vijijini, hakukosi mzee aliyewahi kufanya kazi Bukavu au kijana aliyeuza simu Goma.

Mwisho wa safari ni Kamembe. Anayeteremka mpando wa mwisho huuona mto Rusizi ukitoka ziwani na daraja la mpakani likiwa na foleni yake: mifuko ya unga, kreti za nyanya, ndoo za samaki, na baiskeli za mzigo zinazosukumwa na wanaume wawili wawili. Mtu mwenye tope hadi magotini na baiskeli ya matairi mapana akisimama pale kupumua, hakuna anayemshangaa. Watamuuliza tu, kwa Kiswahili, amebeba nini na anauza faranga ngapi.